Mkwaju wa Kiiraqw katika Fonti Pana: Tathmini ya Microgramma

Microgramma, iliyosanifiwa na Alessandro Butti na Aldo Novarese mwaka 1952 kwa kiwanda cha Nebiolo, Turin, ina herufi kubwa pekee, pana na zenye pembe za mviringo. Sura hiyo ya kisasa huwavutia wachoraji wa mabango. Kiiraqw cha Mbulu na Hanang, hata hivyo, huipa mtihani. Irabu zake ndefu huandikwa mara mbili, kama katika slee, 'ng'ombe'. Fonti hurefusha tena neno ambalo tahajia imekwisha kulirefusha. Hilo lavumilika. Lisilovumilika ni mkwaju (/), ambao katika Kiiraqw ni konsonanti ya koromeo. Ukiachwa mwembamba kama alama ya uakifishi kati ya herufi pana, msomaji aliyezoea Kiswahili, ambamo humaanisha 'au', huona maneno mawili. Mkwaju huo wapasa kusanifiwa upya kwa uzito na nafasi ya herufi.