Santuri za Kale na Masikio ya Mwalimu

Walimu wa Kiswahili tumezoea kufundisha nyimbo za zamani kwa chaki. Tunaandika beti ubaoni, tunahesabu mizani, tunataja tamathali za semi, kisha kipindi kinakwisha kabla mwanafunzi hajasikia sauti ya mwimbaji. Katika makala haya tunadai kwamba wimbo wa santuri husikilizwa kwanza, na kwamba masikio yetu wenyewe yana upendeleo.

Santuri tunazozizungumzia ni zile za shelaki, yaani utomvu wa wadudu wadogo wa India uliochanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, zikianguka huvunjika, na zilizunguka kama mara 78 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba takriban dakika 3 tu. Mwimbaji wa taarabu aliyezoea kukesha akiimba alilazimika kupunguza beti au kuugawa wimbo pande mbili.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wanamuziki wenzake kutoka Unguja walikwenda Bombay kurekodi. Ukisikiliza santuri zake, unakuta silabi moja inavutwa hadi mizani uliyoihesabu ubaoni inapotea, huku udi na fidla vikimjibu. Jambo hilo karatasi hailionyeshi. Hata hivyo Siti ana heshima yake darasani, hasa kwa sababu Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Jean Bosco Mwenda hakubahatika hivyo. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, nchini Kongo. Katika "Masanga" anapiga gitaa moja kwa kidole gumba na cha shahada, lakini msikilizaji huweza kudhani wapigaji ni wawili. Mwenda alitoka katika Kiswahili cha Katanga, ambako watu husema "batoto" na "bintu". Wengi wetu hukiita Kiswahili kibovu, tukaishia hapo.

Hukumu hiyo inawagusa wanafunzi wetu hapa Uganda. Anayesema "batoto" huchekwa, ilhali Kiganda chake kina "abantu" na "ebintu". Kiambishi hicho cha ba- ni cha kale na kimeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Katika mtihani tutaendelea kudai "watoto" na "vitu", kwa kuwa tunafundisha Kiswahili sanifu. Lakini kusahihisha ni jambo moja, na kudharau ni jambo jingine.

Hatusemi kwamba wasanii hawa wawili wanalingana kiushairi. Maneno ya "Masanga" ni machache na huja vipande vipande. Anayetafuta kisa atatoka mikono mitupu. Ubora wake uko kwenye gitaa. Siti anasimama juu ya mashairi yaliyopangwa. Huo ndio uhakiki wa sanaa, na lahaja ya mwimbaji haihusiki nao.

Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na nakala za kidijitali za wasanii wote wawili zinapatikana. Tunapendekeza mwalimu awasikilizishe wanafunzi nyimbo mbili, kila mmoja aandike alichosikia, ndipo maandishi yagawiwe. Sindano itakwaruza na baadhi ya maneno yatapotea. Mabishano yatakayozuka juu ya maneno hayo ndiyo somo lenyewe.