Ufundi wa Kuacha Nafasi

Mafundi wengi husifiwa kwa walichoweka. Mendeleev namsifu zaidi kwa alichokiacha wazi.

Mwaka 1867 Dmitri Mendeleev, mzaliwa wa Tobolsk huko Siberia, alikuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg, na hakuona kitabu cha Kirusi kilichowafaa wanafunzi wake. Akaanza kukiandika mwenyewe. Juzuu ya kwanza ilipokaribia kwisha, mapema mwaka 1869, alikuwa ameshughulikia elementi nane tu, ilhali zilizojulikana wakati ule zilikuwa 63. Hizo 55 zilizobaki angezitiaje katika juzuu moja bila kitabu kugeuka orodha ya majina? Jedwali la elementi tunalolibandika leo katika kila maabara ya shule lilitokana na shida ya mwalimu mwenye mengi ya kufundisha na kurasa chache.

Tarehe 17 Februari mwaka huo, kwa kalenda ya Urusi ya zama zile, alikuwa anatarajiwa kwenda kukagua viwanda vya jibini. Kwenye barua ya mwaliko wa safari hiyo mna hesabu alizozikwaruza kwa kalamu, akilinganisha uzito wa atomu za elementi zinazofanana tabia. Safari ikasubiri.

Hakuwa wa kwanza kujaribu. John Newlands wa London alikwisha kuzipanga elementi kwa uzito, akaona tabia zinajirudia kila inapofika ya nane. Alipolieleza jambo hilo mbele ya wanakemia wenzake mwaka 1866, mmoja wao alimuuliza kwa kejeli kama amewahi kujaribu kuzipanga kwa alfabeti. Kejeli ile ilimwonea, lakini jedwali la Newlands lilikuwa na kasoro: lilijaa pomoni. Kila kisanduku kilikuwa na mwenyewe, na vingine vilibeba elementi mbili kwa pamoja. Alipanga kana kwamba dunia imekwisha kutoa vyote ilivyo navyo.

Mendeleev alipanga kwa namna nyingine. Baada ya zinki, elementi iliyofuata kwa uzito miongoni mwa zilizojulikana ilikuwa aseniki. Angefuata uzito tu, aseniki ingeangukia chini ya alumini, ambayo haina undugu nayo. Tabia zake ni za ukoo wa fosforasi. Basi akairuka nafasi moja, akairuka ya pili, akaiketisha aseniki chini ya fosforasi. Ndivyo afanyavyo mwashi anayeacha uwazi wa mlango ukutani wakati fremu bado iko kwa seremala: vipimo anavijua, kwa hiyo hazibi.

Tena hakuishia kuacha uwazi. Mwaka 1871 alieleza ni nini kitakachoujaza: uzito wa atomu, densiti, hata namna kitakavyoungana na oksijeni. Mwaka 1875 Lecoq de Boisbaudran, Mfaransa, akagundua gali, iliyojaza uwazi ule wa chini ya alumini, na kutangaza kuwa densiti yake ni 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuishika wala kuiona, akasema ipimwe upya, kwani inapaswa kukaribia 5.9. Mfaransa akaisafisha zaidi, akapima tena, akapata 5.9. Skandi, iliyojaza uwazi mwingine aliouacha, ikafuata mwaka 1879, na mwaka 1886 ikaja germani, ambayo uzito wake wa atomu ulikaribia sana 72 aliyoitabiri.

Si kila utabiri wake ulitimia. Uzeeni alitabiri elementi nyepesi kuliko haidrojeni, na hakuna aliyeiona mpaka leo. Lakini hata hilo ni sehemu ya sifa yake: alisema mambo yanayoweza kupimwa, hivyo waliokuja baadaye waliweza kumkubali au kumkatalia kwa ushahidi.

Sababu ya mpango wake kufaulu yeye mwenyewe hakuijua. Mwaka 1869 elektroni ilikuwa haijagunduliwa. Aliitanguliza teluri mbele ya iodini kwa kufuata tabia, ingawa teluri ni nzito zaidi, akidhani waliopima wamekosea. Hawakukosea. Ilipofika mwaka 1913, kijana Mwingereza Henry Moseley aliyachunguza mawimbi ya eksirei yanayotolewa na elementi mbalimbali, na kazi yake ikaonyesha kwamba kinachopanga foleni ni idadi ya chaji chanya katika kiini cha atomu. Uzito hufuatana na idadi hiyo mara nyingi, si mara zote. Teluri ni ya 52 na iodini ya 53, kwa hiyo Mendeleev aliziweka mahali pake. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwezi Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Safu nazo zikapata maelezo. Sodiamu ina elektroni 11, zimepangika 2, 8, 1. Potasiamu ina 19, nazo ni 2, 8, 8, 1. Kila moja ina elektroni moja pekee katika mzingo wa nje na huitoa kwa wepesi, ndiyo maana zote mbili huchachamaa zikitiwa majini. Mendeleev aliziweka safu moja kwa kuitazama tabia yao tu.

Leo elementi zinazotambuliwa ni 118, na ya 101 inaitwa mendelevi kwa heshima yake. Wanafunzi wetu hukariri ishirini za kwanza kwa wimbo, na wimbo huo hauna ubaya. Ila mwalimu, kabla ya kuubandika ukutani ule mchoro uliokamilika, waandikie wanafunzi kadi za elementi chache zenye uzito na tabia zake, ufiche moja, kisha waambie wazipange na waeleze iliyokosekana ikoje. Atakayethubutu kuacha nafasi na kuitetea kwa hoja ameielewa kemia kuliko aliyezitaja zote ishirini bila kukwama.