Matanga Kati, Saa Kumi Alasiri

Tangu watu warudi kutoka Nane Nane kule Ngongo, kuna video inayozunguka kwenye simu za Nachingwea na Ruangwa. Kijana amesimama juu ya ubao wa tanga, bahari ya bluu imetulia, minazi nyuma yake haitikisiki, na sauti inatangaza kwamba huu ndio ufukwe bora wa upepo Kusini yote. Kila aliyenionyesha ameisifu. Mwalimu mmoja wa Ruangwa ameshaanza kuweka akiba ili awapeleke wanawe huko. Nimeitazama mara nyingi nikiutafuta huo upepo. Tanga limelegea katikati, kijana anavutavuta mikono ili lijae, na ubao hauachi povu lolote nyuma yake. Pale pana mandhari tu. Inaniudhi kuona watu wa bara wakichoma mafuta kutoka Ruponda hadi baharini, kisha wakakalishwa juu ya maji yaliyolala.

Ukishuka kwa Nanganga na Mtama ukafika njia panda ya Mnazi Mmoja, kushoto ni Lindi, kulia ni Mtwara. Wengi hufika pale wakiuliza wapi pana bandari nzuri, na hapo ndipo wanapopotea. Bandari husifiwa kwa kuzuia upepo. Mikindani ilipendwa na majahazi kwa sababu ghuba yake imejifunga karibu pande zote. Livingstone alianzia safari yake pale mwaka 1866, na Wajerumani wakajenga boma mwaka 1895, wote wakifuata maji matulivu. Kilwa aliyoifikia Ibn Battuta mwaka 1331 nayo ilisimama juu ya sifa hiyohiyo. Penye vyombo vingi vilivyotia nanga bila wasiwasi, ubao hautakimbia. Piga picha, kula samaki, endelea na safari.

Upepo wa ubao ni wa matanga kati, yaani wa ubavuni. Upepo wa kutoka baharini moja kwa moja unakurudisha mchangani kila ukijaribu kutoka, na wa kutoka nchi kavu unakupeleka usikotaka. Wetu wa Ruangwa wanalijua jambo hili bila kuiona bahari: mama anayepepeta ufuta mwezi wa Juni huweka upepo ubavuni, makapi yakaenda zake na yeye asipate vumbi usoni. Kusi linatoka kusini-mashariki, na pwani kutoka Mtwara kuja Lindi kwa sehemu kubwa inatazama kaskazini-mashariki, kwa hiyo upepo unapita sambamba na ukingo. Huo ni utajiri ambao watu wetu hawausemi. Lakini kila ghuba ina tabia yake. Shangani ya Mtwara inatazama kaskazini, na kusi linatokea mgongoni mwa mji. Karibu na mchanga maji ni laini na mgeni anafurahi, kumbe kila hatua anayotoka upepo unazidi na kurudi kunakuwa kwa mbisho mtupu. Lindi mjini kusi linafika likiwa limepita juu ya vilima vya Kitunda, likivuma vipande vipande: tanga linajaa, linakufa, linajaa tena kwa kishindo. Anayejifunza hapo atajifunza kuanguka.

Kuna jambo moja ambalo mgeni hakosi kulikosa. Anauliza upepo una nguvu kiasi gani, haulizi maji yatakuwa wapi upepo utakapofika.

Wakati wa kusi, alfajiri ni ya umande, upepo mwembamba wa nchi kavu. Kusi lenyewe linaanza kusimama saa nne, linakomaa saa nane, na saa kumi alasiri liko kwenye ubora wake. Bahari nayo ina saa zake. Katika bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, pwani yetu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kabisa karibu saa nne. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa saa nne asubuhi na yako chini saa kumi alasiri. Kwa hiyo siku za bamvua upepo na maji vinakutana juu kwa pamoja. Siku za maji mafu upepo mzuri unakuja kukuta bahari inapwa, na kwenye fukwe zetu zenye miamba na majani, pezi la ubao linakwaruza chini. Tofauti ya kujaa na kupwa kwenye bamvua inazidi meta tatu. Ufukwe uliouona saa nne na uliouona saa kumi ni fukwe mbili, na anayekupa sifa bila kukutajia saa hajakupa kitu.

Nahodha mmoja mzee wa Kitunda, aliyekuwa akivusha watu kwa tanga kabla ya injini kuenea, alikuwa akiulizwa kama kesho patafaa. Hakutazama bahari hata kidogo. Aliuliza, "Jana mwezi uliuonaje?" Akijibiwa, alihesabu kwenye vidole, akasema saa, na ile saa ilikuwa kweli. Vijana wake walikuja na tarehe za simu. Yeye aliwaambia wakaulize dagaa.

Na matapeli wanaijua saa hiyo vizuri kuliko wateja wao. Nilimwona dalali mmoja wa ufukweni, pwani nisiyoitaja, akimpokea mgeni wa Dar saa tatu asubuhi siku ya bamvua, bahari imekimbia, ngalawa zimelala ubavu juu ya tope. Alichukua malipo ya siku nzima, akamwambia maji yanarudi sasa hivi. Yalirudi, ndiyo, lakini mgeni alikuwa ameshaungua na jua, amekata tamaa na kuondoka saa nane, upepo ndiyo kwanza unakomaa. Ubao ukakodishwa tena alasiri kwa mtu mwingine.

Mengine nitayapitia haraka. Soma rangi ya maji: madoa meusi yanayokimbia juu yake ni upepo usiotulia, na weusi uliosambaa sawasawa ndio unaoutaka. Kwa Paje, Unguja, wanakokwenda wenye vishada vya upepo, kupwa kunafichua vigingi vya mwani, na kigingi hakimwonei mtu huruma. Kilwa Kivinje ni ya mikoko na tope. Iache kwa wanaopenda historia. Kaskazi huku kwetu ni hafifu kuliko kule Malindi au Lamu, tena inavuma kinyume cha mkondo, ambao pwani yetu daima unapanda kaskazini, na bahari inakuwa ya mawimbi mafupi yaliyosimama. Kusi linakwenda pamoja na mkondo, maji yanalainika. Kwa hiyo ubao ni wa kusi. Na kusi la Julai ni bora kuliko la Septemba. Ufukwe wenye viti vya kulala usiusogelee.

Zamani kosa la kuhukumu ufukwe bila kuzijua saa zake lilikuwa gumu kulifanya. Wazee wa Nachingwea walioshuka baharini kwa reli ile ya mpango wa karanga, kabla haijang'olewa, walikaa pwani siku nyingi hadi wakayajua maji. Hata aliyetoka Dar, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, alingoja pantoni Ndundu na akafika Kusini akiwa amezoea kungoja. Sasa lami inamshusha mtu asubuhi na kumrudisha jioni, na hukumu yake juu ya ufukwe ni ya saa tatu tu alizokaa pale.

Mahali ninapopaheshimu kuliko pote ni Msimbati, mbele ya Mtwara, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kina cha maji kimesogea hadi karibu na mchanga, hivyo hata maji mafu hayakunyimi alasiri yako. Mkondo ni mkali, na mtu asiyeweza kubisha kwa yakini asitie ubao pale. Anayeweza, apakie tanga dogo kuliko analodhani linatosha, alale Mtwara, na awe amefunga kila kitu mchangani kabla ya saa saba.