Kuchambua Kiini
Giza la mwezi lina wenyewe hapa Ujiji. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, maana taa zao hazivuti samaki kwenye mbalamwezi. Ukiisha wanarudi ziwani, nasi wa darubini tunatoka usiku huohuo. Kutoka ufukweni, taa za mbali upande wa Kongo huonekana mwanga mmoja. Mitumbwi ikisogea, zinaachana: taa, na taa, na taa. Nyota hazisogei hivyo. Jicho ndilo linalofundishwa.

Mwezi Juni, giza likiingia, Omega Centauri husimama kusini, nyuzi 47 hivi juu ya upeo. London haichomozi kabisa. Kwa macho matupu ni nyota hafifu yenye ukungu, na wa kale waliiandika nyota. Edmond Halley, akiwa kisiwa cha Mtakatifu Helena mwaka 1677, aliona kwamba si nyota ya kawaida. Ni kundi la nyota kama milioni 10, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi.

Kaa gizani nusu saa, simu mfukoni. Kisha usilikodolee kundi. Tazama kando kidogo, kwani katikati ya jicho ni kuzito kwa mwanga hafifu. Kingo huchambuka kwanza. Ongeza ukuzaji taratibu: weupe wa anga hufifia, nyota zinabaki nukta, na chembechembe zinasogea kuelekea ndani. Hewa ikitulia, nukta kadhaa huchomoza kwenye kiini, kisha hupotea. Mwenye papara huondoka kabla ya hapo.

Mimi huipenda zaidi 47 Tucanae, kundi jingine la namna hii, ambalo kiini chake kimesongamana kuliko hiki. Lakini hapa haipandi kupita nyuzi 23, na jioni zake ni za Novemba, mvua zikiwa zimeshika.

Kitovuni hasa mwa Omega Centauri jicho hushindwa. Mwaka 2024 Maximilian Häberle na wenzake walilinganisha picha zaidi ya 500 za darubini ya angani Hubble, zilizopigwa kwa miaka zaidi ya 20, wakapima mwendo wa nyota milioni 1.4. Karibu na kitovu wakakuta saba zinazokimbia mno; zilipaswa kuwa zimeshatoroka kundi. Kinachozizuia huenda ni shimo jeusi lenye uzito usiopungua wa majua 8,200. Na nyingi ya picha hizo, jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka, zilipigwa kwa ajili ya kusawazisha vipimo vya Hubble tu.