Juu ya Mateso ya Bwana yanayoimbwa na kuchezwa

Kila mwaka, Ijumaa Kuu ikifika, wakristu wa misheni nyingi za kwetu wanacheza Mateso ya Bwana. Vijana wanagawanya kazi: huyu ni Pilato, huyu ni Petro, wale ni askari, na waimbaji wanaimba toka bustani ya Getsemani mpaka kaburini. Mchezo wa namna hii, wenye nyimbo na wenye kuishia katika kifo, si kitu kidogo. Watu wasiosoma Evanjili nyumbani wanaikuta pale. Basi tunapenda kuuliza swali moja: uchungu unaoingia katika moyo wa watazamaji unatoka wapi? Unatoka kwa mchezaji anayelia, ama unatoka mahali pengine?

Wengi wanajibu haraka: mchezaji anapashwa kuonyesha uchungu mwingi, na watu watauona vilevile. Kwa hiyo wanatafuta rangi nyekundu, fimbo zenye kelele, na Mama wa Yesu mwenye kugaagaa chini. Sisi tunaona kwamba jibu hilo si sawa. Uchungu ni wa watazamaji. Kazi ya mchezaji ni kuwaachia nafasi.

Tuangalie kwanza namna Kanisa lenyewe linavyofanya. Kwa desturi ya zamani Mateso yanaimbwa na sauti tatu: mwenye kusimulia anaimba kwa sauti ya katikati, maneno ya Kristu yanaimbwa kwa sauti ya chini, na maneno ya watu wengine na ya kundi kwa sauti ya juu. Mwenye kusimulia halii. Anaeleza kupigwa kwa Bwana kwa sauti ileile aliyotumia kueleza habari za bustani. Lakini akifika pale Yesu anapokufa, anakatiza. Wote wanapiga magoti na kunyamaza. Kengele nazo zimenyamaza tangu Gloria ya Alhamisi Kuu, na hazitalia mpaka Gloria ya usiku wa Pasaka. Kila mtu aliyekuwa katika kanisa lililojaa saa ile anajua uzito wa kimya kile. Uzito huo unatoka wapi? Kila mmoja anakumbuka pale kifo anachokijua yeye.

Mtungaji Bach, Mprotestanti wa Ujerumani, alilifahamu jambo hilo. Katika Mateso kadiri ya Mateo, aliyoyatunga katika miaka ya 1720, Yesu akisema, vinanda vya nyuzi vinaizunguka sauti yake kama mwangaza. Mara moja tu vinanyamaza: msalabani, pale Yesu anapomlilia Mungu aliyemwacha. Mahali penye uchungu kupita pote, mtungaji hakuongeza sauti, ameziondoa.

Pengine mtu atatuambia: hiyo ni desturi ya Wazungu, sisi tukifiwa tunalia kwa nguvu. Ni kweli, tunalia. Lakini hata penye kilio kuna utaratibu: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaupokea. Tena hapa Kashebere, mpakani mwa Masisi na Walikale, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wanyanga wana karisi, yaani masimulizi makubwa ya Mwindo. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliyasimulia kwa siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene waliyatoa katika kitabu. Msimulizi wa karisi anasema, anaimba, anacheza na kuigiza. Mkononi ana kibuyu chenye kulia, na pia conga, ule usinga wa Mwindo. Vijana wanamfuata kwa mlio wa fimbo, na watu wote wanaitikia.

Tufikiri juu ya mahali pamoja tu. Mwami Shemwindo wa Tubondo amekataa wake zake wasimzalie mtoto mume. Mwindo anazaliwa, baba anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini. Ni neno la kutisha: baba anamwua mwana wake. Msimulizi ataonyeshaje? Mtoto haonekani. Yuko ndani ya ngoma, chini ya maji, na kinachotoka ni wimbo. Watu wanauitikia, na kwa kuitikia kila mama anamwona mle mtoto wake mwenyewe. Rangi nyekundu ingesaidia nini pale?

Sasa turudi kwenye michezo yetu. Tulikwisha kuona, pahali zaidi ya pamoja, watazamaji wakicheka wakati Yesu anapopigwa. Wakubwa wanakasirika na kusema watu hawana heshima. Lakini watu wanamfahamu mchezaji, mtoto wa jirani, aliyepiga yowe kabla fimbo haijamgusa. Wanacheka kwa sababu wameona uwongo.

Katika inchi hii kuna jambo lingine zito kupita kicheko. Mwezi wa tatu wa mwaka 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na vita ikaenea mpaka Masisi. Tangu hapo vikundi vyenye silaha vimefuatana, na watu wa milima hii wamekimbia mara nyingi. Mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni hana haja ya kuonyeshwa kupigwa ni nini. Kijana akivaa nguo za kiaskari na kushika bunduki ya mti ili awe askari wa Pilato, watoto hawamwoni askari wa Pilato. Wanamwona yule waliyemkimbia. Saa ile huruma imekwisha, imebaki hofu tu, na mwenye hofu hawezi kumlilia mtu mwingine.

Tena, ni nani anayepewa kazi ya mwuaji? Kama askari wanasema kwa matamshi ya kabila fulani, hata kwa kuchekesha tu, Mateso ya Bwana yamekuwa mashitaka juu ya jirani. Huko Ulaya, zamani, michezo ya Mateso iliwasha mara nyingi chuki juu ya Wayahudi. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tangazo Nostra aetate la mwaka 1965, ulifundisha wazi kwamba kifo cha Kristu hakiwezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya Wayahudi wa leo. Tusilirudishe kosa lile kwa jina la kabila lingine.

Dawa iko katika liturjia. Katika makanisa mengi sauti ya kundi inasemwa na wakristu wote, pale walipo. Mwenye kudai Yesu asulubiwe ni mimi, ni wewe, ni mwalimu, ni mama wa mchezaji. Kwa Bach ni vilevile: waimbaji wanaodai msalaba ndio wanaoimba pia sala za waaminifu wenye kuungama kwamba dhambi zao zimempiga Bwana. Mtu aliyesema neno lile kwa kinywa chake mwenyewe hatafuta mwuaji katika kijiji cha ng'ambo.

Basi, ninyi wafratri na waalimu mtakaotayarisha Mateso mwaka ujao, tunawapa mashauri machache. Askari wasivae nguo za kiaskari wala wasishike silaha. Kitambaa kimoja begani kinatosha. Kupigwa kufanyike nyuma ya ukuta: watu wasikie mlio wa fimbo juu ya gogo, na waimbaji wanyamaze. Petro akisikia jogoo, awageuzie watu mgongo, atoke polepole. Mwenye kuwa Yesu aseme kidogo, asilie. Maneno ya kundi yasemwe na watu wote. Na Mama asianguke chini: Evanjili ya Yoane inatuambia kwamba alisimama karibu na msalaba. Basi asimame, na mtu asiimbe kwa kitambo.

Mwishoni pasiwe na makofi wala matangazo. Watu waende kwao kimya, mpaka kengele za usiku wa Pasaka.