Mizani Mbili: Kikombe cha Baba na Ukucha wa Binti



Mwigobero ni mtaa wa ziwani katika mji wa Musoma, makao makuu ya Mkoa wa Mara. Mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja akifika huko ataona mengi aliyoyazoea kwao: vyombo vimeegeshwa, dagaa wameanikwa, sato na sangara wanapigiwa bei, ila maji yake hayana chumvi. Hapo ndipo abiria wanapopanda chombo kuvuka Ghuba ya Mara kwenda Kinesi, upande wa Rorya. Na mwenye kungoja chombo hana budi kukaa, na mwenye kukaa kwa mama lishe hana budi kuagiza chai.

Alasiri moja nalikaa hapo. Benchi nililokalia lilikuwa na wazee watatu, kila mmoja na kofia yake na kikombe chake. Akapita kijana na kikapu cha vichupa vya rangi, wale wapaka kucha wanaozunguka masokoni. Msichana aliyekuwa akiuza maandazi akamwita, akamnyooshea mkono, akapakwa nyekundu. Basi yakaanza maneno. Mmoja akasema haya ndiyo yaliyotuharibia watoto. Wa pili akasema Kiyama kimekaribia. Wa tatu akaitikia, huku akiongeza sukari. Nami, sikufichi msomaji, nilitia neno langu. Mazungumzo ya ukucha yalichukua birika zima, na likaletwa la pili.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa tulipoanza. Nilipoinuka kwenda kuswali, jua lilikuwa limeshakuwa la manjano. Nikajiuliza njiani: ni nini kilichonichelewesha, ukucha wa yule binti au kikombe changu?

Swali hilo lilinirudisha nyumbani kwangu. Siku chache kabla ya safari nilikuwa nimekitupa jaani kichupa cha rangi cha binti yangu, bila ya kumuuliza anakipaka wakati gani. Mama yake hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu: "Na birika lako, bwana, litatupwa lini?" Siku ile nilidhani ni ujeuri. Pale Mwigobero nikafahamu kuwa ni hoja.

Tuanze na ukucha, kwani ndio unaolaumiwa zaidi. Rangi ya kucha ni kioevu kizito kinachokauka kikawa utando. Si jambo la leo wala jana. Kampuni ya Revlon ya Marekani ilianzishwa mwaka 1932 kwa kuuza rangi hiyo. Tatizo lake katika dini yetu si wekundu wake, ni utando wake. Udhu ni maji kufika kwenye kiungo, na palipo na utando maji hayafiki. Ndiyo maana hina, ambayo wanawake wa pwani wameipaka tangu zama za mabibi zetu, haina neno: hina huugeuza ukucha rangi, wala haiufuniki. Hizi rangi nyingine ambazo muuzaji hunadi kuwa zapitisha maji, neno la muuzaji peke yake halitoshi kuwa hoja katika ibada.

Kucha za kubandika na zile za jeli ni kubwa zaidi, kwa kuwa hukaa wiki nzima au zaidi, na aghlabu haziondoki ila kwa asetoni na subira. Mwanamke anayeswali sala tano huku amezibandika ajiulize, kabla hajaulizwa. Tena kuacha kucha zirefuke ni kinyume cha mafunzo ya Mtume (S.A.W.), kwani muda wa mwisho wa kuzikata uliowekwa katika Hadithi ni siku 40. Na piko nalo lastahili hadhari: piko nyeusi aghlabu huchanganywa na dawa ya nywele, nayo huweza kuiunguza ngozi ikatoka malengelenge.

Lakini haki isemwe yote. Zipo siku katika kila mwezi ambazo mwanamke hana sala juu yake. Akipaka rangi siku hizo, kisha akaitoa kabla ya kuoga, ameharibu udhu gani? Na aliyepaka akiwa na udhu wake, udhu ule haukutenguka; atakalohitaji ni kuitoa kabla ya udhu mwingine. Binti yangu alilijua hilo. Baba yake, mkali wa kutupa vichupa, hakuuliza. Ama lile la kijana kuushika mkono wa binti asiyekuwa maharimu wake, hilo ni kosa la wazi, na lawama yake ina mahali. Lakini dawa yake ni nyepesi: apakwe na dadaye, au na mwanamke mwenzake. Kosa la mkono lisigeuzwe kuwa kosa la pambo. Katika Suratul Aaraf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anawauliza kwa kuwakanya wale wanaoharamisha pambo alilowatolea waja wake.

Sasa tugeukie kikombe, ambacho hakuna anayekilaumu. Chai ni halali, na kahawa ni halali. Walakini tusisahau kuwa kahawa nayo ilipita katika mahakama hii. Mwaka 1511 huko Makka, Khair Beg, msimamizi wa mji, aliipiga marufuku, akiwaona watu wamekusanyika usiku wakiinywa. Marufuku ile haikudumu. Amri kutoka Cairo iliilegeza. Leo kahawa ni rafiki wa wazee katika kila baraza, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, na hapana anayekumbuka kuwa ilishtakiwa. Hilo litufunze kutoharakia kuharamisha furaha ya mwingine kwa sababu tu ni ngeni machoni petu.

Basi chai ni halali. Lakini halali nayo ina hesabu yake. Tazama sukari. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015, likashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya 25 ni bora. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4. Mwenye kutia vijiko vitatu, akanywa vikombe vinne, amekwisha fika 48, wala hatujahesabu andazi. Tena chai ikinywewa pamoja na chakula huupunguza mwili uwezo wa kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka, na wanaodhurika mbele ni mama wajawazito na watoto.

Tazama na fedha. Tuseme mtu atoa shilingi 2,000 kila jioni kwa chai na kitafunio. Kwa siku 30 ni shilingi 60,000. Mara ngapi fedha hizo zikiongezwa sahani ya sato wa kukaanga na ugali, baba anakula akashiba kwa mama lishe, kisha anarudi nyumbani akakuta wanawe wamelala kwa uji, akauliza mbona sukari imekwisha upesi? Sisemi kula nje ni kosa. Msafiri atakula wapi? Na mama lishe yule analea watoto kwa jungu lake, riziki yake ni ya jasho. Nasema kuwa starehe isiyofika nyumbani ina walakini, hata ikiwa halali. Tumefunzwa kuwa katika matumizi yote ya kheri, lile analolitoa mtu kwa ahali zake ndilo lenye ujira mkubwa zaidi.

Na tazama wakati. Ukucha hupakwa kwa dakika chache. Baraza la chai huanza alasiri likafika magharibi, na ndani yake mnasengenywa watu. Kusengenya ni haramu kwa maafikiano, wala hakuna asetoni ya kukutoa.

Ndugu zangu, Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya wapunjaji: wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Sisi twaisoma tukimfikiria muuza dagaa na kopo lake lililobonyea. Lakini je, si kupunja pia kujipimia starehe kwa pishi iliyojaa, na kuwapimia mabinti zetu kwa kibaba kilichotoboka? Baba akikaa na kikombe, tunasema anapumzisha roho. Binti akipaka ukucha, tunasema amepotoka. Huu si ulinzi wa dini. Ni mizani mbili katika duka moja.

Kisa cha Salman na Abu Dardai (R.A.) kinatutosha. Salman alimzuru nduguye, akamkuta mkewe hajitengenezi, amejiachia. Alipomuuliza sababu, akajibu kuwa Abu Dardai hana haja na dunia. Salman hakumlaumu mke. Alimfuturisha mume, akamlaza usiku mpaka wakati wa mwisho, kisha akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) aliposikia, alimsadikisha Salman. Zingatia, msomaji: pambo lililokosekana kwa mke lilikuwa dalili ya haki iliyokosekana kwa mume.

Kwa hivyo naona tuzipime starehe zetu ndogo, za kike na za kiume, kwa maswali yale yale matatu. Je, yanizuilia sala au kuiharibu? Je, ina israfu? Je, imekula haki ya mtu wa nyumbani mwangu? Ikipita katika matatu hayo, mwenye nayo aachwe afurahi. Ikikwama, iachwe, iwe ni ya binti au ya baba.

Nilirudi kutoka Musoma na hina ya majani, nikampa binti yangu. Alishukuru, kisha akaniuliza kwa adabu: "Na kile kichupa, baba?" Nikamnunulia kingine badala ya kile nilichokitupa, kwani mali ya mtu ni mali yake, hata akiwa mwanao. Na birika langu bado lipo. Ila sasa laandikwa baada ya kuswali alasiri, na vikombe vyatosha watu wote wa nyumba.

Wabillahi tawfiq.