Kabla ya Kulaumu Intaneti

“Intaneti imepotea” ni kauli ya kila siku katika saiba za Soweto West, Kibera, na mara nyingi husikika mteja akiwa katikati ya kujaza fomu ya KRA. Lakini huenda laini ya nje ni nzima na hitilafu iko humu ndani, baina ya kompyuta, swichi na ruta. Fundi mzuri huanzia chini akipanda.

Kwanza waya. Taa ya tundu la mtandao isipowaka, usiguse mipangilio. Ndani ya waya mna nyuzi 8, lakini kasi ya megabiti 100 hutumia 4 tu: za pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo waya uliobanwa vibaya unaweza kufanya kazi, ila usifikie megabiti 1,000. Ukiupitisha kwenye tundu la mabati, uvike paipu, maana ukingo wa bati hukata ganda la waya polepole.

Pili anwani. Andika ipconfig kwenye dirisha la amri la Windows. Ukiona 169.254 mwanzoni, kompyuta iliomba anwani, ikakosa jibu, ikajipa yenyewe. Kisa kinachosumbua zaidi ni cha ruta ya pili iliyochomekwa LAN kwa LAN ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma. Sasa ruta mbili zinagawa anwani, na itakayojibu kwanza ndiyo inayosikizwa. Kompyuta moja inapata 192.168.1.20 na kuchapisha vizuri; jirani yake inapata 192.168.0.15, haioni printa wala intaneti. Stima ikipotea na kurudi, zamu hubadilika, na fundi hudhani ni ushirikina. Dawa ni kuzima DHCP, yaani ugawaji wa anwani, kwenye ruta ya pili na kuipa anwani isiyotumika, kama 192.168.1.2.

Tatu, ping, yaani kuita anwani uone kama itajibu. Ruta (192.168.1.1) ikijibu, njia ya ndani ni safi. 8.8.8.8, anwani ya seva iliyo nje, nayo ikijibu lakini tovuti hazifunguki, kagua DNS, inayogeuza majina kuwa anwani. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 ikanyamaza, hapo ndipo umpigie mtoa huduma.

Tofauti hii ya ndani na nje ina faida yake. TunapandaNET, mtandao wa jamii wa Tunapanda Institute hapo Kibera, huunganisha shule na vituo vya vijana bila waya, na masomo hukaa kwenye seva ya karibu, hivyo kuyasoma hakuli bando. Saiba nayo ikiweka fomu zake kwenye folda ya pamoja, laini ya nje ikikatika wateja bado watachapishiwa.